Picha za Kariakoo Iliyobomolewa

SWALI: Shikamoo Mhariri. Marehemu babu ameniachia picha za Kariakoo, Dar es Salaam, ambazo nyuma zimeandikwa "1960" tu. Nyumba yetu ilishabomolewa ikajengwa ghorofa. Nitatambuaje mahali zilipopigwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Anza na soko. Soko unalolijua, lenye paa la zege la umbo la miavuli, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Kabla yake palisimama ukumbi uliojengwa na Wajerumani, ambao Waingereza waliutumia kwa kikosi chao cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, na jina la Kariakoo likatoka hapo. Kwa hiyo miavuli ile haiwezi kuonekana katika picha za babu.

Nyumba ni ngumu zaidi, kwani nyingi zilifanana: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma na baraza mbele. Ndiyo maana naomba uitazame baraza kwa makini, pamoja na nakshi za mlango, mti ulio jirani na hata ufa wa ukutani, kisha uwapelekee wazee waliokulia mtaa huo ungali nao, maana mzee akiiona baraza aliyochezea bao huitaja nyumba na mwenyewe papo hapo. Majina hayo yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, wala usitumie kalamu ya wino, ambao hupenya na kuharibu sura.