Kura 60 za Seneti: wachache waachiwe rungu hilo?
Ndugu, umeuliza kama ni haki maseneta 41 wa Marekani kukwamisha muswada unaotakiwa na 59. Kwangu hapana, hasa kwa jinsi filibasta, yaani mbinu ya kurefusha mjadala ili muswada usipigiwe kura, inavyoendeshwa leo. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond alisimama akihutubia saa 24 na dakika 18 akipinga muswada wa haki za kiraia. Siku hizi mpingaji anatoa taarifa tu, mzigo unawaangukia wanaotaka sheria: maseneta 16 watie saini hoja ya kufunga mjadala, ipite siku moja katikati, kisha zipatikane kura 60. Na hapa wengi hawapaoni: hizo ni tatu ya tano ya maseneta wote walioapishwa, si ya waliohudhuria. Asiyefika ukumbini anawabeba wapingaji bila jasho. Zikitimia, bado kuna hadi saa 30 za mjadala.

Wachache wapewe muda wa kusema na kuleta marekebisho, hilo nalitetea kabisa. Ila mzigo ugeuzwe: wapingaji ndio walete kura 41, tena wakiwa ukumbini. Uteuzi wa majaji ulishaondolewa kwenye kikwazo hiki, 2013 kwa mahakama za chini na 2017 kwa Mahakama ya Juu.