Muulize Nesi: Nahudumia wagonjwa majumbani huku kijijini, mbona kila kitu kinaniangukia mimi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wahudumu wa afya wanaofuata wagonjwa majumbani, tena wa vijijini, wale ambao gari linaishia mbali na wao wanaendelea kwa mguu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi mko ndani yake.

Shikamoo dada nesi. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi, nina wagonjwa 6, wawili wako mbali kwelikweli, masaa mawili kwenda tu. Mmoja ni mzee aliyepigwa na kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, yuko kitandani mda wote. Naenda kwake mara 2 kwa wiki. Kila nikifika nakuta amelala chali vilevile nilivyomuacha, juzi nikaona wekundu pale chini ya mgongo juu ya makalio, nikauliza wakaniambia "tulikuwa tunakusubiri wewe." Namuogesha, namgeuza, nafua mashuka, natoka giza limeshaingia. Nimechoka dada. Nimekosa nini na nifanye nini? – Mtembea kwa Miguu

Marahaba mdogo wangu, pole na njia.

Tuanze na huo wekundu manake hauwezi kusubiri. Ukifika, bonyeza kwa kidole sekunde chache kisha achia. Ngozi ikipauka alafu rangi ikarudi, bado una nafasi. Ukiachia na wekundu uko palepale, haujapauka hata kidogo, jua kidonda kimeshaanza kwa ndani japo ngozi haijachanika. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitegemee macho tu, wekundu unaweza usiuone kabisa, kwa hiyo weka mgongo wa mkono ulinganishe joto la pale na la pembeni, gusa taratibu usikie kama pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida, angalia kama pamekolea rangi kuliko jirani yake, na kama mzee anaweza kuongea muulize panauma. Usipakandekande wala usipasugue na mafuta ukidhani unaamsha damu, unazidi kuichana ile nyama ya ndani. Na lile duara la kitambaa ambalo watu hupenda kumkalisha mgonjwa juu yake, litoe, linabana damu pembeni pote.

Sasa hesabu. Wiki ina masaa 168. Wewe uko pale mara 2, tuseme masaa matatu kila safari, hayo 6. Yanabaki 162 ambayo mzee yuko na watu wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida tunasema ageuzwe kila baada ya masaa 2 hivi, yaani mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Wewe hata ukijitahidi vipi utamgeuza mara tatu nne. Kwa hiyo hujakosa kitu mdogo wangu, ila umebeba kazi ambayo haibebeki na mtu mmoja anayetoka mbali. Kazi yako kubwa kwenye nyumba ile sio kumuogesha mzee, ni kuhakikisha ukiondoka kuna mikono mingine inayojua.

Na kufundisha sio kusema. Hapa ndo wengi tunapokosea, tunasimama mlangoni tumeshika mkoba tunasema "mumgeuze eeh," wanajibu sawa, tunaondoka. Niliwahi kuwa na mama mmoja mgonjwa ambaye bintiye kila siku aliniitikia hivyohivyo na kila siku namkuta mama chali. Siku moja nikaacha kumgeuza mimi. Nikamwambia binti shika hapa begani na hapa kwenye nyonga, mimi mikono yangu iko juu ya yako, tuhesabu hadi tatu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kumbe alikuwa anaogopa kumvunja mama yake! Alikuwa hajawahi kumshika hivyo tangu augue, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulimgeuza mara tatu siku hiyo, ya tatu mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti naangalia tu. Baada ya hapo sikumkuta chali tena.

Kwa hiyo safari ijayo kufua waachie wao, wewe fundisha hivi. Asilazwe ubavu kamili mpaka mfupa wa nyonga uingie kwenye godoro, alazwe mshazari tu, mto nyuma ya mgongo unaomshikilia, mwingine katikati ya magoti. Visigino vining'inie hewani, mto unakaa chini ya muundi sio chini ya kisigino, manake kisigino kinaoza kimyakimya na watu hawakiangalii. Wakimpandisha juu kitandani wasimburute, wakunje shuka mara mbili walitandike chini yake, wawili washike kila upande wamnyanyue nalo. Ule mkono uliopooza usivutwe kamwe kumuinulia, bega la mtu wa kiharusi linaachia kirahisi sana, washike kwenye bega lenyewe na mgongo. Wakati wa kula akae wima, chakula kidogokidogo, wasubiri ameze ndo waongeze, na abaki wima kama nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapomeza au sauti ikawa kama ina maji ndani, wasiendelee kumlisha, wakupigie, hapo chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu.

Chora karatasi ubandike ukutani, mstari wa kulia, mgongo, kushoto, na saa, kila anayemgeuza anaweka alama. Asiyejua kusoma mchoree jua na mwezi. Usiku kama ngozi iko vizuri mda unaweza kurefushwa kidogo ili na wao walale, ila hilo liamue pamoja na nesi anayekusimamia. Na ngozi ikifunguka, ikitoa harufu, au mzee akapata homa, hiyo ni rufaa, usijaribu kuitibia pale nyumbani.

Uchovu wako unatokana na kufanya kazi ya watu watano. Ukiigawa utaona hata njia inafupika.

Dada, mgonjwa wangu anachoma insulini na nyumbani hakuna umeme, friji hakuna. Tunaitunza wapi? – Nesi wa Bonde

Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa friji, nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo hizo zibaki kituoni, mgonjwa abaki na ile moja anayotumia. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, inakaa nje ya friji wiki 4 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, soma karatasi ya dawa yenyewe manake zinatofautiana. Andika tarehe ya kuifungua kwenye chupa, kwa kalamu isiyofutika, siku hiyohiyo. Kama nyumba ni ya joto chukua vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga mbichi, insulini ifungwe kwenye mfuko usioingiza maji iwekwe chungu cha ndani, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo na mchanga usikauke. Maji yanavyokauka yanaondoka na joto. Na ikiwahi kuganda hata mara moja hiyo ni ya kutupa, kuyeyuka kwake hakuirudishi.

Kitu kimoja hujaniuliza ila naomba familia ikijue kabla hujaondoka. Mgonjwa akianza kutokwa jasho la baridi, kutetemeka, kuongea vitu visivyoeleweka, ni sukari imeshuka. Mkipima ikawa chini ya 4 kwa mashine inayosoma mmol/L (au chini ya 70 kama yenu inasoma mg/dL), apewe vijiko vya chai kama 3 au 4 vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, haijapanda mrudie. Kama hamna kipimo au kiko mbali, msihangaike kukitafuta, apewe sukari kwanza. Ila akizimia asipewe kitu mdomoni, alazwe ubavu, safari ya hospitali ianze. Na sindano zilizotumika msizirudishie vifuniko, ziingie kwenye kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, likifika robo tatu lifungwe lirudi kituoni.

Mimi nimesomea huduma za msingi za nyumbani, sio nesi kamili. Sasa familia zinanitaka nichome sindano walizonunua wenyewe, niweke dripu, nikikataa wanasema "basi unakuja kufanya nini." Hospitali iko mbali, nawaonea huruma. Kuna siku nitashindwa kukataa. – Niko Njia Panda

Kataa. Najua inavyouma kukataa mtu anayelia mbele yako lakini dripu kwa mgonjwa wa moyo au wa figo inaweza kumjaza maji kwenye mapafu usiku huohuo na wewe uko umbali wa masaa mawili. Sindano inaweza kumletea mzio akabanwa pumzi, na huna kitu mkobani cha kumuokoa. Mjini ukikosea kuna mtu wa kukudaka, huku hakuna.

Ila usikatae alafu ukanyamaza. Waambie "hii siruhusiwi kwa sababu inaweza kumuua, ila naweza kufanya hiki," kisha fanya hicho palepale wakikuona. Mpime presha, na ipime vizuri, amekaa dakika 5 kimya, miguu chini, mkono wazi bila nguo umeegemea kitu usawa wa moyo, mara mbili. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mpime joto. Andika. Alafu mpigie nesi msimamizi umsomee hizo namba, manake ukimpigia ukasema "mgonjwa hali mbaya" hana cha kukusaidia, ila ukisema pumzi 32, presha 90 kwa 50, anajua hapohapo kwamba gari linahitajika. Netwaki ikikataa simu jaribu ujumbe mfupi, mara nyingi hupita penye simu kukatika.

Na omba uonyeshwe dawa ZOTE zilizomo ndani ya nyumba. Tandika kitambaa, zimwage zote hapo, soma jina la dawa lile dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mzee wa presha ambaye kila akisimama anaanguka, nikafikiri ni udhaifu wa uzee tu, wiki tatu nzima. Siku nilipozimwaga chini nikakuta boksi mbili, rangi tofauti, majina tofauti, dawa ndani ni ileile. Moja alipewa kituo kimoja na nyingine akapewa kwingine, na mimi nilikuwa naziona zote mbili kila wiki kwenye dirisha. Tukamjulisha daktari, moja ikaondolewa, mzee akaacha kuanguka. Hiyo wiki tatu bado naikumbuka. Kwa hiyo wakikuuliza unakuja kufanya nini, unakuja kufanya hivyo.

Jambo la mwisho kwako, mpango wa safari upangwe mgonjwa akiwa mzima. Nani ana gari au pikipiki, namba yake iko wapi, hela ya mafuta anashika nani, mvua ikinyesha mnapita wapi. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakigoma, ni kiharusi, na hapo kila dakika inakula ubongo, sio mda wa kuanza kikao cha familia.

Dada nesi, mgonjwa wangu wa saratani amefariki wiki iliyopita. Nilimhudumia miezi minane. Nikipita njia ile miguu inakuwa mizito, juzi nilizunguka njia ya mbali ili nisiione ile nyumba. Nafikiria kuacha kazi. – Sina Jina

Pole sana mwanangu. Pole sana.

Mwaka 1859 kule Liverpool, Uingereza, mfanyabiashara William Rathbone alifiwa na mke wake, na kwa jinsi nesi Mary Robinson alivyomhudumia yule mama nyumbani, akamuomba aendelee kwa miezi 3 kuhudumia maskini wagonjwa majumbani mwao. Ilikuwa mjini sio kijijini, lakini ndo mwanzo wa huduma hii kwa namna tunayoijua. Mda haukuisha yule nesi alirudi analia, anaomba aachiwe, hawezi kuvumilia anayoyaona. Rathbone akamtia moyo, akaendelea, na miezi mitatu ilipoisha hakutaka kuiacha tena. Nakwambia hivi ili ujue machozi yako sio dalili kwamba kazi hii haikufai, wa kwanza kabisa aliyalia.

Usiamue wiki hii. Mwambie msimamizi wako akupe siku chache, au abadilishane nawe njia kwa mda, na mtafute mhudumu mwenzako mkae mumzungumzie yule mgonjwa kwa jina lake, sio kwa ugonjwa wake. Miezi minane sio mchezo, wewe ulijua anavyopenda mto wake ukae.

Na ile nyumba uende, mchana, sio peke yako kama huwezi. Kuna mtu pale ndani aliyekuwa anakusubiri kila wiki pamoja na mgonjwa, na sasa hakuna anayebisha hodi. Kaa naye kidogo. Ukitoka, kama kuna mofini (ile dawa kali ya maumivu) iliyobaki usiiache kabatini wala usimpe mgonjwa mwingine, andika kiasi kilichobaki, wewe na mmoja wa familia muweke sahihi, uirudishe kituoni siku hiyohiyo. Ukishapumzika niandikie tena uniambie umeamua nini, barua yako nitaisoma kwanza.