Kabla hujasaini fomu ya saa: kwa wasimamizi wapya wa miradi ya huduma inayofanyiwa nyumbani

Jana usiku nimemaliza kusoma mipango kazi kumi na moja mliyoniletea. Saba kati ya hiyo ni mabango ya "uhamasishaji mitandaoni". Mwanafunzi atakaa nyumbani, atatengeneza bango kwa simu, atalirusha kwenye makundi, atapiga picha ya skrini, nawe utamwandikia kwenye fomu kwamba ametimiza saa kumi za huduma. Nani amelihitaji bango hilo? Hakuna mpango hata mmoja unaomtaja. Ndugu zangu, nawapenda, na najua muhula unawakimbiza na wanafunzi wanadai saa zao. Lakini shimo hilo mimi nimeshatumbukia, tena na wanafunzi kumi na wanne nyuma yangu. Leo mtanivumilia.

1. Anza na anayepokea. Simu ya mwanafunzi baadaye.

Ukipeleka wanafunzi kufanya usafi zahanati, muuguzi atawaambia papo hapo kwamba chumba hicho kimeshafagiliwa, nendeni kule. Mradi wa nyumbani hauna muuguzi wa kukukatiza. Mnafanya kazi wiki nane bila kumwona mnayemtumikia, na kila wiki mnazidi kuamini kwamba mnasaidia.

Mwaka wangu wa pili wa usimamizi niliamua wanafunzi wasome vitabu vya kiada kwa sauti, warekodi kwa simu, tupeleke kwenye shule moja ya wanafunzi wasioona. Nililipenda wazo hilo kiasi kwamba sikulipeleka kwa mtu yeyote alichunguze. Niligawa sura, nikaweka tarehe, nikaanza kupokea mafaili. Wale watoto walijituma. Kulikuwa na binti aliyekuwa akijifunika blanketi gubigubi usiku ili sauti za nyumbani zisiingie. Sura ya mzunguko wa damu aliirekodi mara nne, kwa sababu kila alipokaribia mwisho jogoo wa jirani aliwika. Miezi miwili na nusu ilikwenda hivyo. Saa zikajaa, nikasaini fomu zote.

Shuleni kwenyewe nilipiga simu mara moja tu, kupanga siku ya kukabidhi.

Tulipokelewa vizuri. Mwalimu wa pale alichomeka flashi kwenye kompyuta, akamwita kijana mmoja wa madarasa ya juu asikilize. Kijana akasikiliza kwa adabu dakika tatu nne, kisha akauliza, "Mwalimu, hapa ni ukurasa wa ngapi?" Hakuna mwanafunzi wangu aliyekuwa amesoma namba za kurasa. Faili lilikuwa la saa moja na dakika arobaini, halina vituo, halina vichwa. Akauliza tena, "Tukiambiwa darasani tufungue zoezi la tatu, nitalifikiaje?" Sikuwa na la kusema.

Akavuta kibodi yake. Maandishi ya kitabu kilekile yalikuwa tayari kwenye kompyuta, na programu ya kusoma skrini ikaanza kuyatamka kwa kasi ambayo mimi sikudaka hata neno. Yeye alikuwa anadaka yote. Akateremka mpaka kwenye mchoro wa moyo. Programu ikasema "picha", ikaruka. Akasimamisha. "Hapa ndipo tunapokwama," akasema.

Mwalimu wake akatafuta mahali hapohapo kwenye rekodi yetu. Ilikuwa sauti ya yule binti wa blanketi, safi, bila jogoo: "Tazama mchoro ufuatao." Kisha akaendelea na aya inayofuata.

Tulikuwa tumesoma kila kitu ambacho mashine yao inakisoma vizuri kuliko sisi, na tulichokiruka ndicho pekee walichokuwa wanakikosa. Ningepiga simu ya dakika tano kabla ya kugawa sura ya kwanza, ningeambiwa.

Mwalimu yule alinifundisha mengine mawili siku hiyo. Vitabu vya sauti vya wasioona vina mfumo wake unaoitwa DAISY, uliokuwapo tangu miaka ya 1990, unaomwezesha msikilizaji kuruka kwa ukurasa au kwa kichwa cha habari. Na kitabu chenye hakimiliki hakirekodiwi hivihivi na yeyote mwenye simu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kufanya kazi 2016, umefungua njia kwa taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, katika nchi zilizojiunga nao. Kundi letu la WhatsApp halikuwa taasisi ya aina hiyo. Tulipaswa kufanya kazi chini ya mwavuli wa taasisi kama hiyo tangu siku ya kwanza.

Bado sijafika penye uchungu wenyewe. Niliporudi, wanafunzi wakauliza ilikuwaje. Nikawaambia, "Wameshukuru sana." Nilikaa na uongo huo siku sita. Siku ya saba yule binti akanitumia ujumbe: "Mwalimu, wanapenda zaidi sura ipi?" Sikuweza kumjibu kwa maandishi. Nikawaita wote kwa simu ya pamoja, nikawaeleza neno kwa neno, pamoja na siku sita zile. Pakawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu yeye ndiye akauliza, "Sasa mchoro wa moyo unaelezwaje?"

Hapo ndipo mradi ulipoanza. Mwanafunzi mmoja, mchoro mmoja, maelezo ya kuandikwa, kisha yanatumwa kwa kijana yule ayapime. Maelezo ya kwanza ya moyo yalirudi na masahihisho: usiandike "kama inavyoonekana", anza na umbo zima kabla ya vipande, taja vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, sema damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Na swali moja ambalo sisi wenye macho halikuwa limetupitia akilini: kulia mnakosema ni kulia kwa ukurasa, au kulia kwa mwenye moyo? Kwa sababu kwenye mchoro wa moyo hivyo viwili vinapishana. Yalirudi mara tatu. Mara ya nne akaandika, "Sasa nimeupata."

Saa za rekodi nilizokwisha kusaini nilipeleka ofisini nikaomba zipitiwe upya. Waliziacha, kwa kuwa wanafunzi walifanya walichoagizwa. Kosa lilikuwa la aliyeagiza.

2. Kama huna wa kumpigia, jiunge na kazi ambayo mhitaji wake anajulikana.

Missing Maps, mradi wa kujitolea wa kuchora ramani, uko tangu 2014: wanafunzi huchora nyumba na barabara juu ya picha za setilaiti, zinaingia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na watoa misaada wanazitumia. Zooniverse, tovuti ya watu wanaojitolea kuwasaidia watafiti, ina kazi za utafiti ambapo picha moja huonyeshwa watu wengi, kwa hiyo anayeanza asiogope kukosea. Kwenye ramani makosa ya wageni ni yaleyale kila mwaka: wanachora kivuli badala ya paa, na kona wanaziacha zimepinda ilhali kubonyeza herufi Q kwenye kibodi kunazinyoosha. Waambie pia wasibuni jina la barabara wala kijiji. Majina huwekwa na wanaoishi pale. Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za kufundishia kompyuta kuelewa lugha, inapokea sauti za Kiswahili na ni kazi nzuri sana kwa lugha yetu, ila sauti ikishatolewa ni ya umma, kwa hiyo mzazi aelewe na aridhie kwanza.

3. Saa ziandikwe siku ileile.

Mwanafunzi anayejaza fomu ya miezi miwili kwa siku moja hadanganyi kwa kupenda, amesahau tu. Kwenye OpenStreetMap kila badiliko lina tarehe na muda, basi linganisha.

4. Simu kwa wazee zina mwisho wake, na mwisho huo upangwe kabla ya mwanzo.

Msiweke zamu ya wanafunzi kumi kwa mzee mmoja. Wawili wanatosha, siku ileile ya wiki, saa ileile isiyobadilika, na mtu mzima wa pande zote mbili anajua nani anampigia nani. Nasema hivi kwa sababu ya bibi mmoja aliyekuwa akipigiwa kila Jumatano saa kumi jioni. Muhula ulipoisha, wanafunzi wakaacha. Saa zao zilikuwa zimetimia. Mjukuu wake ndiye aliyenitafuta wiki ya tatu. Bibi alikuwa bado anaiweka simu mapajani kila Jumatano kuanzia saa tisa na nusu, na hataki mtu mwingine aitumie isije ikawa inatumika wakipiga. Kijana mmoja alimpigia jioni hiyohiyo, na bado anampigia mpaka leo, ingawa alishamaliza shule. Ninyi pangeni simu tatu za mwisho za kuagana, na mzee aambiwe mapema kwamba ni za mwisho, au atafutiwe wa kupokea kijiti.

5. Mwanafunzi anayeazima simu ya mzazi usiku asipewe mradi wa video.

Mpe kuandika, kutafsiri, kuhakiki. Saa ni zilezile.

6. Tafakuri za wanafunzi wenu zinafanana mno.

"Nimejifunza umuhimu wa kushirikiana." Nimesoma sentensi hiyo mpaka naiona usingizini. Muulize mwanafunzi kitu kimoja tu: mpokeaji alikuambia ubadilishe nini? Akikosa jibu, hujachelewa, rudi namba moja.

Mipango saba ya mabango nimewarudishia asubuhi hii. Juu kabisa, kabla ya jina la mradi, nimechora kisanduku. Andikeni humo mmeongea na nani, siku gani, na alichowaomba kwa maneno yake mwenyewe. Nitakuwa ofisini mpaka Ijumaa jioni, na anayeona aibu kupiga simu hiyo ya kwanza aje tuipige pamoja.