Nilifunika Shingo, Vidole Vikasema

Swali la wiki hii: "Ni kitu gani cha mwili wako ulichowahi kukificha, na nani alikuwa wa kwanza kukiona?"

Mimi nilificha shingo. Niliificha karibu miaka minne, na kwa mji kama Tanga si kazi kubwa, maana mwanamke kujitanda hakumshangazi mtu. Mtandio ulizunguka shingoni asubuhi nikitoka, ukakaa hapo mpaka usiku taa izimwe. Aliyekuwa wa kwanza kuona hakuiona shingo. Aliona vidole vyangu vikishindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, na kazi yangu kubwa ni kanzu. Shingo za watu nazijua kwa inchi. Najua nani kaongezeka tangu Ramadhani iliyopita na nani kapungua. Yangu ilikuwa inchi 13 nilipoolewa. Siku niliyokuwa najikatia gauni la harusi ya mdogo wangu, futi ikasoma 14 na nusu. Nikapima tena, nikaikaza kidogo kama tunavyofanya kwa mteja asiyetaka kuambiwa ukweli. Ikasoma 14 na nusu vilevile. Nikabadilisha mshono, nikaweka kola ndefu.

Nilidhani najua ni nini. Nimezaliwa milimani, Lushoto. Bibi mzaa mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, kama embe dodo, na wazee wenzake kadhaa pale kijijini walikuwa nalo. Hatukuliita ugonjwa, lilikuwa sehemu ya sura ya mtu, kama mvi. Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba mvua za milimani huosha udongo miaka na miaka, madini joto (iodini) yakaenda na maji, na chakula kinachoota hapo kikakosa. Tezi ya shingo hutumia madini hayo kutengeneza homoni zake. Ikiyakosa inajitanua ili inase hicho kidogo kinachopita. Na si mengi: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, kiasi kisichojaza hata tundu la sindano.

Lakini mimi nilishuka Tanga nikiwa na miaka 19. Nala samaki changu, nala dagaa, bahari naiona. Shoga zangu wakasema rovu haliwapati watu wa pwani, basi hili langu ni jicho la mtu. Wengine wakasema chumvi. Hapo kwenye chumvi naomba nisimame, kwa sababu sisi wa pwani tumejidanganya sana. Tunaona mashamba ya chumvi kando ya mikoko kuelekea Mkinga, chumvi imerundikwa nyeupe pepepe, tunaamini kwamba kwa kuwa imetoka baharini basi imekuja na madini joto yake. Haikuja nayo. Maji yakishakaukia juani, madini joto yanayobaki kwenye chumvi ni haba mno. Lazima yatiwe baadaye. Ile chumvi ya mawe unayopimiwa kwa kopo, kama hakuna aliyeitia, ni chumvi tupu. Anayekaa hatua mia kutoka shambani anaweza kuwa ndiye anayekosa kuliko wa mbali anayenunua ya pakiti. Na hiyo ya pakiti nayo ukiiacha wazi karibu na jiko, madini yanapotea.

Basi nikajihukumia mwenyewe kwamba nimepungukiwa, na hukumu hiyo ikanitesa mwaka mzima.

Iko methali kila mtu anaijua, ya mficha maradhi. Husemwa kana kwamba anayeficha hajawahi kuonyesha popote. Mimi nilionyesha. Nilikwenda zahanati moja, aliyenihudumia akaitazama shingo akiwa amekaa ng'ambo ya meza, hakunigusa, hakuniuliza nalalaje wala nakulaje, akaandika vidonge vya madini joto. Duka la dawa wakaniongezea matone. Jirani, kwa mapenzi yake, akaniletea mwani uliosagwa nikorogee kwenye uji, maana mwani una madini joto. Ni kweli unayo. Lakini katika wote hao hakuna aliyeuliza tezi yenyewe inafanya kazi namna gani. Baada ya hapo ndipo nilipojifunika kabisa kabisa, kwa sababu nilikwishaonyesha, nikatibiwa, na nilizidi kuwa mgonjwa.

Nilikuwa nakula sahani mbili huku nakonda. Kilo 9 zilikwenda kabla sijahesabu. Usiku moyo ulikimbia nikiwa nimelala, nikausikia ndani ya mto kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Mwezi wa Julai, kusi linavuma na mume wangu kajifunika blanketi, mimi nilitaka dirisha wazi. Chooni mara nne kwa siku. Hedhi ikapotea miezi miwili, mama mkwe akaanza kunitazama kwa matumaini, na mimi nikakosa la kumwambia. Nikawa mkali kwa watoto kwa vitu vya kipuuzi, kijiko kimeanguka, mlango umebamizwa, kisha nalia peke yangu.

Halafu uzi. Kazi ya shingo ya kanzu ni ya mkono, nyuzi za hariri, mishono midogo midogo. Nilianza kuwapa wasichana wangu wa dukani wanitungie sindano, nikisingizia macho.

Mchana mmoja umeme umekatika, akaja mteja wangu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, kufuata kanzu ya mjukuu wake. Kifungo kimoja kilikuwa hakijatiwa. Nikasema akae dakika mbili. Uzi ukapita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Nikaulamba, nikaukunja. Mara ya tano akasema, "Mwanangu, weka chini hiyo sindano."

"Mwanga mdogo, mama. Umeme hakuna."

"Mwanga unatosha. Nyoosha mikono, viganja chini."

Akachukua karatasi ya kukatia mtindo, ile nyepesi, akailaza juu ya vidole vyangu. Kwa macho sikuwa nauona mtetemeko. Kwenye karatasi ukaonekana wote, kingo zikipepea kama kuna feni, na feni ilikuwa imesimama. Tukaitazama wote wawili. Wala hakusema neno. Alisimama akafunga mlango wa duka, akaniambia nitoe mtandio.

Akaniomba ninywe funda la maji huku kidevu kimeinuka. Uvimbe ukapanda na kushuka pamoja na funda. Tezi ndivyo inavyofanya, imeshikana na koromeo. Akasimama nyuma yangu, akapapasa kwa ncha za vidole, taratibu. Kisha akashika kidole gumba changu akakitazama. Akanieleza kwamba kipimo chao ni kile kipande cha mwisho cha gumba la mgonjwa mwenyewe: bawa moja la tezi likikizidi, hiyo ni goita, rovu lenyewe. Kipimo hicho nilikielewa mara moja. Wazee wetu walipima nguo kwa shubiri na dhiraa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Shingo haisemi. Shingo kama hii anaweza kuwa nayo aliyepungukiwa homoni, na aliyezidiwa, na aliye sawa kabisa. Inayosema ni damu. Huo mwani acha leo, matone acha leo, na kesho alfajiri uwe hospitali ya Bombo."

Ndiye wa kwanza kuona. Natamani kila mwenye uvimbe shingoni akutane na mtu wa namna hiyo kabla hajakutana na mwenye chupa ya matone.

Bombo nilipimwa mapigo ya moyo nikiwa nimekaa kitini: 118 kwa dakika. Damu ikachukuliwa kwa ajili ya TSH na T4. Majibu yalipotoka niliyasoma kinyume, kama ninavyodhani wengi tunayasoma. TSH ilikuwa karibu na sifuri, nikasema si nilijua, nimepungukiwa. Daktari akanieleza mpaka nikashika. TSH si homoni ya tezi ya shingo. Ni mjumbe anayetumwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kwenda kuihimiza ya shingo. Kazi ikipungua, wajumbe wanatumwa wengi. Kazi ikizidi, hakuna haja ya kutuma mtu. Kwa hiyo TSH yangu ilikuwa chini kwa sababu homoni zenyewe, T4, zilikuwa zimefurika.

Na chanzo hakikuwa rovu la bibi yangu. Kinga za mwili wangu zilikuwa zinaigusa tezi kana kwamba ni huyo mjumbe, usiku na mchana, bila kupumzika. Ugonjwa huu unaitwa Graves, nao huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume. Nilimtajia vidonge, matone na mwani. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, akasema, "Basi fikiria fundi aliyekwisha kushindwa kuinuka kwenye cherehani, nawe unazidi kumletea vitambaa." Madini joto yanamfaa aliyeyakosa. Kwa tezi iliyozidisha kazi, ukiyamimina yanaweza kuchochea moto.

Nikaanza dawa mbili. Propranololi ya kutuliza moyo na mikono, na kabla ya kuiandika aliniuliza kama nina pumu, maana mwenye pumu haimfai. Hiyo niliiona kazi yake ndani ya siku chache. Kabimazole, inayopunguza utengenezaji wa homoni, ilichukua wiki kadhaa. Akanionya jambo moja akanifanya nilirudie kwa mdomo wangu: nikipata homa na koo kuuma, nisimeze tena kabimazole, niende siku hiyohiyo nikapimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu kwa watu wachache dawa hii huzishusha ghafla. Mwezi wa pili koo likaniwasha, mwili ukapanda joto. Nilikwenda kwa bodaboda jioni ileile. Chembe zilikuwa salama, yalikuwa mafua tu, lakini sijutii nauli ile. Na mwenye kutarajia kubeba mimba aseme mapema, kwani dawa huenda ikabidi ibadilishwe.

Sikuwa na bima. Vipimo vya mara ya kwanza vilikula ushonaji wa kanzu tatu. Nalisema hili kwa anayedhani matone na mwani ndiyo njia ya rahisi: nilipojumlisha nilichotumia kwa mwaka mzima wa kubahatisha, kingenipima damu mara kadhaa.

Sasa nina miezi kumi na moja kwenye dawa. Dozi imeshushwa mara mbili. Daktari anasema kozi huwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kisha inaachwa kwa kuangalia. Ugonjwa ukirudi, kuna mionzi ya madini joto ya kumeza, au kisu. Kilo sita zimerudi. Uzi natunga mwenyewe. Shingo bado ipo, 14 na robo, na mtandio najitanda kwa sababu ni vazi langu.

Nilipoacha kuificha, wifi yangu aliyeko Lushoto naye akasema lake. Rovu lake ni kubwa kuliko langu mara mbili, na nilipomwona nikaogopa kwamba yuko katika moto uleule. Akapimwa damu: TSH sawa, T4 sawa. Yeye ana vinundu vingi ndani ya tezi, ultrasaundi imeviona, na taabu yake ni ya nafasi. Akilala chali anakohoa. Akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa kwa dakika moja, uso unamvimba na kuiva, maana tezi imeshuka nyuma ya mfupa wa kifua na kubana mishipa. Kabimazole haimsaidii kitu. Anayemhusu ni daktari wa upasuaji, baada ya sindano nyembamba ya kuvuta chembe kwenye kinundu kimoja kinachotiliwa shaka. Vinundu vingi si saratani, lakini hicho lazima kijulikane.

Anaogopa sauti. Anauza mboga sokoni kwa kunadi, na amesikia kwamba mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi. Ni kweli unapita hapo. Nilimwambia amuulize daktari hilo waziwazi, na amuulize pia juu ya vile vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, vinavyolinda kalsiamu ya damu, ili baada ya upasuaji vidole vikianza kumfa ganzi ajue pa kukimbilia. Ikitolewa tezi nzima, atameza kidonge cha homoni kila alfajiri maisha yake yote, tumbo tupu, kabla ya chai. Hilo halimtishi, anasema alfajiri yuko macho siku zote.

Anashuka Jumatano, atalala kwangu, sindano ni Alhamisi. Kaniomba gauni la vifungo vya mbele asije akavuliwa kichwani. Nimelikata jana kwa kipimo alichojipima mwenyewe kwa futi niliyompelekea: inchi 16 na robo. Hakuikaza. Nimeiandika namba hiyo kwenye karatasi, na tarehe, akampe daktari.