Matundu ya jakuzi: jiki haiyeyushi mawe

Nyumba nyingi za Shangani zilijengwa enzi zile kila mtu Mtwara akisubiri wapangaji wa kampuni za gesi, kabla na baada ya bomba la gesi la kutoka Madimba kufika Dar es Salaam mwaka 2015. Wenye nyumba waliweka kila kitu walichodhani mgeni angekitaka, jakuzi likiwemo, yaani beseni la kuogea lenye pampu na matundu ya kurusha maji. Kazi yangu ni kuzitunza baadhi ya nyumba hizo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vile vitu vyeusi vinavyotoka kwenye matundu pampu ikiwashwa.

Beseni unaloliona linaweza kung'aa na bado jakuzi likawa chafu. Ukishamaliza kuoga na kuachia maji, kuna maji yanayobaki ndani ya mabomba yanayozunguka beseni. Yamebeba mafuta ya mwili, sabuni na ngozi iliyobanduka, na hapa kwetu hayapoi mwaka mzima. Humo ndimo utando wa utelezi unapojijenga, na bakteria wanaupenda. Mmoja wao ni Legionella, anayestawi kwenye maji ya uvuguvugu na kumwingia mtu mapafuni kupitia matone madogo ya hewani, na jakuzi lina kazi gani nyingine kama si kurusha matone? Nyumba ikikaa miezi bila mpangaji, usiingie kwenye maji hayo kabla hujasafisha.

Utelezi ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni chokaa, na kwa pwani hii ndiyo nusu kubwa. Angalia birika lako la umeme kwa ndani, hasa kama unatumia maji ya kisima. Ule ukoko mweupe ndio uliomo kwenye mabomba ya jakuzi, ila kule umechanganyika na sabuni ukawa rangi ya kahawia. Utelezi unajificha kwenye vinyweleo vya ukoko, unajibana, na dawa haiufikii.

Mama mmoja mwenye nyumba alinipigia akilalamika: "Mwanangu, nimemwaga jiki chupa nzima na bado vinatoka, hii jiki ya siku hizi ni maji tu?" Nikamwambia, "Mama, shikamoo kwanza. Jiki ni nzima. Inaua wadudu, haiyeyushi mawe." Chokaa inataka asidi. Na asidi na jiki hazikutani hata siku moja: zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na bafu lenye dirisha dogo si mahali pa kujaribu hilo. Kwa hiyo kuna siku ya sabuni na jiki, na kuna siku nyingine ya asidi.

Siku ya kwanza jaza maji ya moto mpaka yapande vidole vinne juu ya matundu ya juu kabisa. Usiwashe pampu maji yakiwa chini ya hapo. Pampu ikizunguka kavu inaunguza mipira inayozuia maji kuvuja, na kuipata hiyo mipira hapa mjini ni safari. Funga vile vishikio vya kuruhusu hewa, ili maji yapite mabombani kwa nguvu bila mapovu. Sabuni nzuri ni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo kwa sababu haitoi povu. Mimi huagiza Dar. Ukiikosa, vijiko viwili vya sabuni ya kufulia ya mashine otomatiki vinatosha. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iache jikoni, labda kama unataka povu likufuate mpaka sebuleni. Ongeza nusu kikombe cha jiki, fungua madirisha, washa pampu dakika kumi na tano, nawe usiwemo ndani ya maji. Vitatoka vipande vyeusi vyembamba kama majani ya chai yaliyochemshwa. Mara ya kwanza vitakutia kinyaa. Mwaga, futa beseni, jaza maji ya baridi, washa tena dakika kumi, mwaga. Kama bado vinatoka vingi, rudia.

Hapo piga hesabu ya maji. Jakuzi la kawaida la nyumbani linabeba lita 200 hadi 300, na unalijaza walau mara mbili. Simtank ya lita 1,000 inaweza kubaki nusu. Usianze kazi hii siku ambayo maji ya bomba hayatoki.

Siku ya asidi ndiyo watu wengi wanaifanyia masihara. Utaambiwa mimina vikombe viwili vya siki, basi. Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5. Vikombe viwili ni nusu lita, na ndani ya lita 250 za maji unabaki na asidi ya asilimia 0.01. Ukoko hautajua hata kama umepita. Mimi hutumia ndimu ya unga, ile ile ya kutia kwenye juisi, nusu kilo kwa beseni zima. Ni nafuu kuliko kubeba madumu ya siki na haina ile harufu. Washa pampu dakika kumi, zima, acha maji yatulie nusu saa, washa tena kidogo, mwaga, suuza kwa maji masafi. Soma kwanza kitabu cha jakuzi lako kama unacho, maana wapo watengenezaji wanaokataza baadhi ya dawa.

Vichwa vya matundu vinataka mkono. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha jakuzi. Vingi vinafunguka ukivizungusha kinyume cha saa. Geuza kimoja uangalie kwa nyuma: duara la ukoko mgumu, utelezi mweusi kwenye mfereji, na mara nyingi uzi wa rasta umejizungusha kwenye shina. Chomoa nywele kwanza kwa sindano. Vya plastiki vilaze usiku kucha kwenye siki isiyochanganywa na maji. Vyenye rangi ya fedha visizidi nusu saa, siki inakula ule mng'ao. Asubuhi mswaki wa zamani unamaliza kazi. Stilwaya usiiguse, itachubua, na kila mchubuko ni makazi mapya ya uchafu.

Fundi akikwambia umwage asidi ya kusafishia vyoo, mshukuru kwa ushauri umpe nauli. Ile ni kali mno kwa beseni na kwa vyuma vya pampu.

Kifuniko cha tundu la kufyonzea maji kisafishe kila mwezi, na kirudishwe na skrubu zake zote kabla ya mtu yeyote kuingia. Tundu lisilo na kifuniko linaweza kuvuta nywele za mtoto na kumzuia chini ya maji. Kimevunjika? Jakuzi halitumiki mpaka kipatikane kingine.

Nyumba yenye wapangaji naisafisha kwa sabuni na jiki kila mwezi, na kwa asidi kila baada ya miezi mitatu. Mafuta ya kuogea nimeyapiga marufuku, tangazo liko ukutani. Mgeni mmoja na chupa yake ya mafuta ya nazi anaharibu kazi ya mwezi mzima.

Na kama jakuzi lako linapuliza hewa tupu, yaani vitundu vidogo vingi chini visivyozungusha maji, mengi ya haya hayakuhusu. Hilo halina pampu ya maji ya kuungua, linapuliza hewa tu; baada ya kuoga liwashe dakika chache likiwa tupu ili hewa ikaushe mabomba yake.