Bangili za marehemu mama, tola nane: zina zaka?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Niko Kirumba, Mwanza. Katika mirathi ya mama nimepata bangili za dhahabu, tola nane, karati 22. Sizivai, zimo kabatini kwa siku ya shida, na Rajabu hii zimetimiza mwaka. Nimesoma kwamba nisabu, yaani kiwango cha chini cha dhahabu kinachotolewa zaka, ni mithqali 20. Jirani yangu wa Kihindi anasema ni tola saba na nusu. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, dada yangu. Mungu amrehemu mama.

Tola ni kipimo cha masonara wa Kihindi, kama gramu 11.66. Mabibi zetu wameishika mkononi bila kuijua kwa jina: rupia ya fedha, hata ile ya Mdachi, ilikuwa na uzito wa tola moja. Bangili zako basi ni gramu 93.3 hivi. Mithqali tunaikadiria gramu 4.25, kwa hiyo 20 ni gramu 85.

Usikimbilie kusema zimepita. Unawajua dagaa wa Mwaloni walioanikwa mchangani: sado imejaa, ukifika nyumbani ukiwapepeta unabaki na pungufu. Karati 22 nayo ina mchanga wake, maana sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu, nyingine ni shaba au fedha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kinachohesabiwa ni dhahabu safi. Kwako ni gramu 85.5. Umevuka kwa nusu gramu tu! Zingekuwa karati 21, usingefika.

Jirani yako hakukosea. Wahanafi wa India wanaikadiria mithqali nzito kidogo, ndiyo maana wanapata tola saba na nusu. Ila usiokoteze, huku nisabu ya jirani na huku hesabu yetu ya dhahabu safi, ukapata tola 7.33 ukajiona umesalimika. Kwao, pambo ambalo sehemu yake kubwa ni dhahabu huhesabiwa dhahabu lote, na tola nane ni zaidi ya saba na nusu. Kwa njia zote mbili zaka imekupata.

Ungekuwa unazivaa, Mashafi wangekusamehe; Wahanafi hapana. Lakini umesema mwenyewe ni akiba.

Toa fungu moja katika arobaini, yaani gramu 2.33 za dhahabu hiyohiyo. Wanazuoni wa zamani wa Kishafi walitaka itolewe dhahabu yenyewe. Mimi naona thamani yake kwa shilingi inafaa, kwa bei ya siku hiyo, kwani mjane anayeanika dagaa atakifanyia nini kipande cha bangili?

Kwanza zirudishe kwa sonara azipime upya mbele yako. Kama zina vijiwe, vitolewe kwenye hesabu, maana kijiwe kimoja chaweza kuila hiyo nusu gramu yote. Zikishuka chini ya nisabu, niandikie tena, na unitajie pesa taslimu ulizonazo.

Wallahu aalam.