Wasomaji Wauliza: Wabuddha Hutafuta Nini Katika Taamuli?

SWALI: Mhariri, nimesoma mara kadhaa kwamba Wabuddha huketi kimya kwa muda mrefu wakifuatilia pumzi zao ili kutuliza akili. Ikiwa wanachotafuta ni utulivu, kwa nini wana namna nyingi hivyo za kutafakari, na kwa nini baadhi ya watawa hutafakari hata juu ya maiti?

JIBU: Utulivu ni nyenzo tu, na masimulizi ya maisha ya Buddha mwenyewe yanalionyesha jambo hilo waziwazi. Kabla ya kuzinduka, yaani kuuona ukweli uliomfanya aitwe Buddha, Siddhartha Gautama alisoma kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, waliomfundisha kuizamisha akili katika hali za utulivu wa kina mno. Alizifikia hali hizo, na walimu wake wakamtaka abaki awe kiongozi wa wanafunzi wao, lakini akaondoka, kwa sababu aliona kwamba utulivu huo, hata uwe wa kina namna gani, haukati mzizi wa mateso.

Ndiyo maana mapokeo ya Theravada, yanayofuatwa hasa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, huzungumzia samatha, yaani kuituliza na kuikusanya akili mahali pamoja, na vipassana, yaani kuyaona mambo kwa undani jinsi yalivyo. Akili iliyotulia hutumiwa kuchunguza mwili, hisia, hali za moyo na mambo yanayopita akilini, hadi mtu ajionee mwenyewe kwamba kila kitu kinabadilika, kwamba kukishikilia kinachobadilika huleta mateso, na kwamba hakuna ndani yake kitu cha kudumu anachoweza kukiita “mimi”. Pumzi hupendwa kwa sababu ipo daima na haihitaji chombo chochote, na hotuba ya Buddha inayoihusu ina hatua 16, ambazo huanza na kutambua tu kwamba pumzi ni ndefu au fupi na kuishia katika kuachilia.

Kuhusu maiti, si kwamba watawa hao wanapenda huzuni. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, aliorodhesha mada 40 za kutafakari na kueleza ni ipi imfaayo mtu wa tabia ipi. Mwenye kutawaliwa na tamaa ya mwili alielekezwa kutafakari hatua za kuoza kwa maiti, akikumbuka kwamba mwili wake nao utafikia hapo. Mwenye hasira alipewa metta, yaani kukuza upendo unaoanzia kwa nafsi yake, ukaenda kwa mtu anayemheshimu na kumpenda, kisha kwa asiyemjali, na mwishowe kwa adui. Na yule ambaye fikra zake hazitulii aliambiwa afuate pumzi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hekima ya mapokeo hayo inapoonekana zaidi, kwani mwalimu humwangalia kwanza mwanafunzi, ndipo achague zoezi.

Kwingineko mambo huchukua sura nyingine. Huko Tibeti, mwenye kutafakari huweza kuijenga akilini taswira kamili ya Buddha fulani, kwa rangi na mapambo yake yote, kisha akaiyeyusha, ili atambue kwamba hata vile avionavyo kwa macho havina kiini cha kudumu. Nchini Japani, tapo la Rinzai la Zeni, mkondo wa Ubuddha unaotilia mkazo taamuli, humpa mwanafunzi koani, yaani fumbo lisilofumbuliwa kwa mantiki ya kawaida, ilhali Dogen (1200–1253), mwasisi wa tapo la Soto nchini humo, alifundisha kwamba kuketi kwenyewe ndiko kuzinduka kunakodhihirika. Huyo, msomaji wetu, huenda angelikataa swali lako tangu mwanzo.

SWALI: Je, kila Mbuddha hufanya taamuli? Na mazoezi ya uzingativu, yaani kuelekeza akili kwa makini kwenye yanayotokea sasa, yanayofundishwa siku hizi hospitalini ni yaleyale?

JIBU: Kwa karne nyingi waumini wengi wa kawaida walishika maadili matano, wakawapa watawa chakula na kushiriki ibada, huku taamuli ikiachiwa watawa, tena si wote. Badiliko kubwa lilitokea Burma, ambayo leo ni Myanmar, chini ya ukoloni wa Waingereza, pale mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alipowahimiza watu wa kawaida nao wajifunze, kwa hofu kwamba dini ingedhoofika isipokuwa na walinzi wengi. Kozi za siku 10 za kukaa kimya, ambazo mwalimu wa taamuli S. N. Goenka alizieneza duniani, zimetokana na mkondo huo.

Mazoezi ya hospitalini yana uhusiano na hayo, ila shabaha yake ni nyingine. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu iliyochukua uzingativu wa Kibuddha na kuuacha ule muktadha wa kidini, ili kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Hilo ni jambo jema, wala mgonjwa hadaiwi imani yoyote. Hata hivyo, katika Ubuddha uzingativu sahihi ni sehemu moja tu ya njia yenye sehemu nane, ambayo humtaka mtu arekebishe pia usemi wake, matendo yake na hata kazi inayompatia riziki, kwa hiyo mfanyabiashara wa silaha anayetafakari kila asubuhi angeambiwa kwanza abadilishe biashara.